Kihisi cha shambani Pwani: anza na boksi

Vihisi vingi vya unyevu wa udongo huku Mombasa huuawa na chumvi ya hewa pamoja na jasho la boksi lenyewe linalobeba bodi na betri yake. Mchana jua hulipasha moto, hewa ya ndani ikatanuka na kutoka. Mvua ikilipiga ghafla, hewa inasinyaa na boksi linafyonza unyevu penye upenyo wowote. Ukilifungua alfajiri utakuta matone upande wa ndani wa kifuniko, na miguu ya vipuri imeota ukijani.

Kuziba zaidi hakusaidii. Toboa tundu upande wa chini, uweke kizibo cha kupumulia chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Waya ziingie kwa chini pia, zikiachiwa tumbo la kuning'inia chini ya tundu ili maji yadondokee hapo. Silikoni inuse kabla ya kuipaka: yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, nayo hula shaba. Bodi ipake vanishi ya elektroniki mara 2, viunganishi ukivifunika kwa tepu.

Kihisi cha vyuma viwili vilivyo uchi usikinunue. Umeme ukipita kwenye udongo mnyevu huvila. Chukua kile bapa cha kapasita, kinachopima unyevu bila chuma chake kugusa udongo, lakini kingo zake zimekatwa mbichi na hunyonya maji. Zipake rangi ya kucha isiyo na rangi, mara 3.

Kisha kipime kwa udongo wa shamba lenyewe. Anika udongo hadi ukauke kabisa, pima kilo 1, shindilia kwenye kopo, soma namba. Ongeza mililita 50 za maji, changanya, shindilia, soma tena. Endelea hadi mililita 300. Tumia maji yale yale unayomwagilia, kwa sababu maji ya kisima cha chumvi hupotosha namba na utadhani shamba limeshiba.

Betri nayo ina hesabu yake. Bodi ya kujifunzia ya ESP32 (kompyuta ndogo inayosoma kihisi), hata ikilala, inaweza kula miliampea 10 kwa sababu ya taa na kipuri cha USB. Betri ya miliampea-saa 2,500 itakwisha kwa siku 10 hivi. Moduli tupu ya ESP32, isiyo na taa wala USB, ikilala hula takriban maikroampea 10. Kihisi nacho kikatie umeme kila baada ya kukisoma.

Redio ya LoRa, inayotuma data mbali kwa umeme kidogo, usiiwashe kamwe bila antena, unaweza kuiunguza. Inua antena juu ya majani ya minazi, kwenye nguzo isiyoyumba.

Ukifunga vihisi vya kuonya wakulima wanaopakana na hifadhi ya Shimba Hills, Kwale, kuhusu ndovu, pitisha waya ndani ya bomba la chuma, maana tumbili hung'oa chochote kinachoning'inia. Na tunasisitiza hili: mahali ndovu alipo pasionekane kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Fumba data kwa msimbo wa siri kuanzia kwenye kihisi, wakulima uwapelekee onyo lenye jina la kijiji tu, na vipimo kamili vya mahali wavione askari wa wanyamapori peke yao.