Uliza Tukujibu: Bwawa la Tiwi lilienda wapi?

Barua za safari hii karibu zote ni za bahari, nadhani likizo imekaribia na watu wa bara wameanza kuwashwa miguu. Nimetoa tano, zingine zitangoja toleo lijalo.

Swali: Hujambo kaka wa Pwani. Mwaka jana tulikuja Diani, kusini mwa Mombasa, familia nzima, tukasikia kule Tiwi kuna bwawa kwenye mwamba lina umbo la Afrika. Tukakodi tuktuk, tukafika saa kumi jioni, tukakuta bahari tupu! Hakuna bwawa, hakuna mwamba, yule kijana aliyetupeleka ananyoosha kidole tu ati "lipo hapo chini mama". Tulitapeliwa ama vipi? Disemba tunarudi kwa siku tano na tunataka tuone na mapango pia. – Mama wa Watatu, Nakuru

Jibu: Sijambo mama, na pole sana. Bwawa halikuhama, lilikuwa hapo hapo chini ya mawimbi, na kijana hakukudanganya ila alikosa adabu ya kukwambia kabla hajapokea pesa. Hilo bwawa ni shimo ndani ya mwamba wa matumbawe na linaonekana maji yakipwa tu, yakijaa linamezwa lote pamoja na ule mwamba wa kutembelea.

Sasa nikupe siri ambayo kwa mvuvi si siri. Huku kwetu safari haipangwi kwa kalenda ya ukutani, inapangwa kwa mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, ndo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini inaweza kupita mita 3 hivi mpaka karibu 4, yaani nyumba nzima ya chini inazama na kuibuka kila siku. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu na huo mwamba hauonekani vizuri hata ukikesha hapo. Kama una jirani Muislamu muulize leo mwezi ngapi, akikwambia mosi au kumi na tano anza kufunga mizigo, akikwambia nane au ishirini na mbili mama kaa kwanza.

Uzuri wa pwani hii ni kwamba siku za bamvua maji yanakauka kabisa kama saa nne saa tano asubuhi na yanajaa saa kumi saa kumi na moja, kisha kila siku inasogea mbele dakika 50 hivi. Kwa hivo nyinyi mlifika saa kumi, inaelekea ilikuwa bamvua nzuri tu, mlikosea masaa sita hivi tu! Fika kama lisaa limoja kabla maji hayajakauka kabisa, vaa yeboyebo au raba mbovu manake mwamba unachana nyayo kama wembe na wale wadudu weusi wa miiba mirefu wamejaa kwenye nyufa, na ukiona maji yameanza kurudi toka, usiseme picha moja ya mwisho. Mimi nilisema picha moja ya mwisho, nikarudi ufuoni maji kifuani na simu nimeibeba kichwani kama ndoo, na bado ililowa.

Mapango nenda Shimoni, jina lenyewe linakwambia. Ni kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania, na siku hiyo hiyo mnaweza kuvuka kwa boti kwenda Wasini, pale kinamama wa kisiwa wana njia ya mbao ya kutembea juu ya matumbawe ya kale, watoto wataipenda kuliko hata bahari.

Swali: Naona watu wanaposti picha wamekaa ukingoni mwa jabali la Vuma, kule Takaungu, Kilifi, miguu inaning'inia na mawimbi yanapasuka chini. Ni salama? Nataka kumpeleka mchumba wangu tukapige kambi. – Jamaa wa Thika

Jibu: Kambi pigeni, pazuri kweli, jua likichomoza mbele yenu hamtasahau. Ila miguu kuning'inia hapana bwana. Lile jabali ni matumbawe yaliyokufa, yaliota zamani bahari ilipokuwa juu kuliko leo, miaka kama 125,000 iliyopita, maji yakashuka yakaacha ukuta. Tangu hapo mawimbi yanautafuna kwa chini, hivo ukiangalia kwa pembeni utaona umeliwa kama mdomo, juu kumebaki kama paa halina nguzo. Wewe uliyekaa juu huoni, unajiona umekaa kwenye jiwe la maana kumbe umekaa kwenye bati. Kaeni hatua kadhaa nyuma, picha itatoka tu. Na upepo wa kusi ukivuma, ile miezi ya katikati ya mwaka, mawimbi yanaruka mpaka juu na mwamba unateleza, hema lirudisheni nyuma zaidi. Mchumba akikataa kulala pale msikilize.

Swali: Dada yangu anaolewa, fungate Zanzibar, wamelipia hoteli Jambiani. Rafiki yake kamtisha ati kule bahari inakimbia. Kweli? – Msomaji wa Morogoro

Jibu: Inakimbia kweli, maji yakipwa upande ule wa mashariki, Paje na Jambiani, unatembea mchangani mpaka uchoke ndo uyakute maji, njiani unapishana na kinamama wa mwani kwenye mashamba yao (waombe kabla ya kuwapiga picha, wako kazini wale). Kwangu hiyo ndo raha yenyewe. Kama wanataka kuogelea kila saa, siku mbili wahamie Nungwi au Kendwa kule kaskazini, maji hayaendi mbali. Jambiani pia kuna pango la Kuza lina maji baridi ndani, mchana wa jua kali ni dawa.

Wakiwa njiani kwenda kaskazini wachepuke Mangapwani. Kuna pango la asili lenye maji matamu, na mbele kidogo kuna chumba kilichochongwa kwenye jiwe, watu walifichwa humo biashara ya utumwa ilipopigwa marufuku mwaka 1873 na wenye tamaa wakaendelea kwa magendo. Humo fungate waiache nje kidogo. Na vijijini ajifunge kanga, vazi la ufukweni libaki ufukweni.

Swali: Mwanangu, mnawaambia watu waende mapangoni, mbona hamsemi mengine ni mizimu, mahali pa kutambikia? Wanaingia na spika za muziki. – Mzee wa Msambweni

Jibu: Shikamoo mzee. Umenikamata, nakiri. Wasomaji, sikilizeni: mkikuta pangoni kuna kitambaa, maji ya mawaridi, ubani au sahani, pana wenyewe hapo, msiguse wala kusogeza, na kabla ya kuingia ulizeni kijijini, mkiambiwa vueni viatu vueni. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa wenyeji kule Diani, mgeni anafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia msituni, na watu wanatoka nchi za mbali kuja kufungwa hiyo kaniki, sisi wa hapa hapa ndo tunaona haya. Kiingilio cha Shimoni nacho lipeni bila kunung'unika, pango lile linatunzwa na wanakijiji wenyewe. Spika ziacheni garini, mle ndani wenyeji wanasimulia watu walifungwa minyororo wakingoja majahazi, utachezaje muziki hapo?

Swali: Mambo bro. Mimi mtoto wa Mwanza, nimekua naruka toka kwenye mawe ya ziwani. Huko kwenu naruhusiwa kuruka? – Mpiga mbizi

Jibu: Poa mdogo wangu. Ziwa lenu jana na leo kina ni kile kile, ndo maana umezoea kuangalia mara moja tu. Huku ukiruka saa kumi jioni ukatoka unacheka, rudi kesho saa tano asubuhi usimame pale pale uangalie chini kwanza. Utakuta mtu anachokoa pweza.