Mafuta ya injini za ndege ndogo za modeli: angalia oili kwanza, nitro baadaye

Mkuu, umeuliza kama injini yako ya 46 (inchi za ujazo 0.46, yaani cc 7.5) ya gloplagi, ile plagi yenye waya unaowaka na kuwasha mafuta, uipe mafuta ya nitro (nitromethani) asilimia 15 au 30, na kama oili ya pikipiki inafaa kuchanganyia. Naanza na la pili, maana ndilo linaloua injini. Haifai. Oili ya madini, kama hiyo ya pikipiki, haiyeyuki ndani ya methanoli, alkoholi ambayo ndiyo msingi wa mafuta haya. Utaitikisa chupa, baada ya muda oili inajitenga, na injini inavuta mara oili, mara methanoli tupu.

Injini hizi za mipigo miwili hazina sampu, yaani hifadhi ya oili chini ya injini. Kila tone la kulainisha pistoni, konrodi na beringi linakuja na mafuta yenyewe. Ndiyo maana mimi nikishika galoni nasoma kwanza asilimia ya oili na aina yake. Kwa injini ya beringi kama yako, jumla ya asilimia 18 hadi 20 ni salama. Zile za zamani zenye bushi na pistoni ya chuma, pamoja na vijiinjini vya Cox vya cc 0.8, usishuke chini ya 20, na sehemu kubwa iwe mafuta ya nyonyo.

Mimi hutumia mchanganyiko: sintetiki nyingi, nyonyo kiasi. Sintetiki huiacha injini safi, lakini ukibana sindano (skrubu ya kupimia mafuta yanayoingia) kupita kiasi na joto likapanda, huungua na kuacha chuma kikavu. Nyonyo huzidi kuwa nzito na kuendelea kushika chuma hata kwenye joto hilo. Inaacha utando wa kahawia, kweli, lakini utando unasafishika. Silinda iliyokwaruzwa haisafishiki.

Sasa nitro. Nitromethani ina oksijeni yake, kwa hiyo injini inachoma mafuta mengi zaidi kwa hewa ileile: nguvu inaongezeka na silensa, yaani mzunguko wa chini, inatulia. Kwa kurukia kawaida asilimia 5 hadi 15 inatosha kabisa, na ningekuwa wewe ningeanza na 10. Hiyo 30 itakulazimu kufungua sindano zaidi, pengine na kuongeza shimu (pete nyembamba ya chuma) chini ya hedi ili kupunguza mgandamizo, la sivyo gloplagi zitakatika ovyo. Kwenye F2A, mashindano ya kasi ya ndege za modeli zinazoongozwa kwa waya, chini ya FAI (shirikisho la kimataifa la michezo ya anga), mafuta yamekuwa methanoli 80 na oili 20 bila nitro yoyote, na ndege zile za cc 2.5 hukaribia kilomita 300 kwa saa!

Ukishajaza, rekebisha sindano hadi mzunguko wa juu kabisa, kisha ifungue kidogo. Inua pua ya ndege juu: mlio ukipanda kidogo au kubaki palepale, sawa, ukidhoofika, mafuta ni machache, fungua tena. Angani lazima uone mkia wa moshi.

Methanoli hunyonya unyevu, kwa hiyo funga chupa kila unapojaza tangi. Mwisho wa siku chomoa mpira wa mafuta, acha injini iishiwe yenyewe, halafu dondoshea oili ya kuhifadhia. Za mipigo minne usizisahau hata siku moja, beringi zake hushika kutu haraka.

Na tafadhali, vaa glavu unapochanganya. Methanoli ni sumu inayopenya ngozini, ikinywewa hupofusha, na ndimi zake za moto karibu hazionekani mchana.