Barua kwa mwanangu: hiyo nusu ada ni nusu ya nini?

Mwanangu,

Ama baada ya salamu, sote hatujambo. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili mama yako asikie huku akijiandaa kuingia zamu ya usiku. Unasema uko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi, mihula mitatu imekubakia, na kuna chuo kimekupigia simu mara tatu wiki hii. Kinakwambia uanze masomo ya shahada sasa hivi kwa njia ya mtandao, kozi mbili kila muhula, kwa nusu ya ada mpaka utakapohitimu stashahada yako. Unauliza: "Baba, nikubali, au nimalize kwanza hiki nilichoanza?"

Wazo lenyewe si baya. Ila usilipe chochote kabla hawajakujibu kwa maandishi maswali nitakayokupa hapa. Na kozi mbili ni nyingi mno. Ukianza, anza na moja.

Unajua mimi si muuguzi. Kazi yangu yote imekuwa vitabu vya hesabu. Lakini nimesomesha muuguzi mmoja, naye ni mama yako, na daftari la miaka ile ninalo mpaka leo. Juzi nimelitoa kabatini kwa ajili yako. Wakati ule alikuwa na stashahada na miaka sita kazini. Tulilinganisha vyuo vinne kwa kitu kimoja tu, bei ya kozi moja, tukachagua kile cha chini kabisa, tukajiona wajanja. Hatukuuliza ni masomo mangapi ya stashahada yake yangepokelewa. Kwenye simu ofisa alisema "karibu yote." Barua rasmi ilifika tulipokwisha kulipa muhula wa kwanza: katika masomo 22, yaliyopokelewa ni 9. Anatomia na fiziolojia yalikataliwa kwa sababu yalikuwa na zaidi ya miaka mitano. Basi mwanamke aliyekuwa akielekeza wanafunzi wodini akarudi kukariri mifupa. Nilipofunga hesabu mwishoni, chuo chetu cha bei ya chini kilikuwa kimetugharimu kuliko vyuo viwili kati ya vile vitatu tulivyovikimbia.

Ndiyo maana bei ya kozi moja hainishtui tena. Tazama namba hizi, nimezitunga ili uone njia. Chukua shahada ya krediti 120, yaani vipimo ambavyo vyuo hutumia kuhesabu uzito wa kozi, na tuseme stashahada yako itakupa krediti 70. Chuo cha kwanza kinatoza 100 kwa krediti na kinapokea 40 kati ya zako. Zimebaki 80, yaani 8,000. Chuo cha pili kinatoza 150, lakini kinapokea zote 70 na kinaongeza 10 kwa sababu utakuwa na leseni ya uuguzi. Zimebaki 40, yaani 6,000. Sasa tia ile nusu ada yako kwenye chuo cha kwanza. Kozi mbili kwa mihula mitatu ni kozi sita za krediti tatu tatu, yaani krediti 18, kila krediti kwa 50: 900. Zinazobaki ni 62 kwa bei kamili: 6,200. Jumla 7,100. Punguzo lote hilo, na bado yule "ghali" amemshinda.

Kwa hiyo swali la kwanza kuwauliza ni hili: nusu ya nini? Ni nusu ya ada ya masomo tu, au pamoja na ada ya usajili, ya mitihani, ya mfumo wa mtandao, ya mahafali? Inaisha siku gani hasa? Ukisimama muhula mmoja kwa ugonjwa au kwa mafunzo ya wodini, unarudi kwenye nusu au kwenye bei kamili? Waambie wakupe jumla ya kila kitu hadi cheti kiwe mkononi mwako. Chuo kinachojua hesabu zake hakipati tabu kuandika namba moja.

La pili ni ile barua ya tathmini ya masomo uliyokwisha kufanya, na uipate kabla ya kulipa. Iseme somo kwa somo lipi limepokelewa na linachukua nafasi ya lipi. Hapo kuna mtego mdogo: somo linaweza kupokelewa likahesabiwa kama krediti za ziada tu, lisikuondolee hata kozi moja unayotakiwa kusoma. Halafu uliza ukomo wa krediti wanazopokea kutoka nje, na idadi ya chini ambayo lazima uisome kwao ndipo wakutunuku shahada. Mambo haya mawili ndiyo yanayoamua bei, kuliko tangazo lolote.

Kuhusu ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwa ubora wa chuo, sitarefusha, ila usiifanyie mzaha. Chuo kuwa na ithibati ni jambo moja. Programu yake ya uuguzi kutambuliwa ni jambo jingine, na unahitaji yote mawili. Usiangalie kwenye tovuti yao. Angalia kwenye orodha ya baraza la wauguzi la mahali unapotaka kufanya kazi. Kama una ndoto ya kuhama nchi, angalia na huko pia, kwa maana kila baraza lina vipimo vyake. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unahesabu miaka mitatu ya mafunzo na saa 4,600 za darasani na za vitendo kwa muuguzi wa kawaida, na shahada nzuri ya mtandaoni haiwezi kuziba saa za vitendo ambazo mafunzo yako ya mwanzo hayakuwa nazo.

Na hizo saa za vitendo za shahada yenyewe, ulizia. Watu husikia "mtandaoni" wakadhani ni kukaa na kompyuta mpaka mwisho. Programu nyingi bado zinataka saa fulani za afya ya jamii au za uongozi. Nani anakutafutia mahali? Nani anamlipa msimamizi? Mwenzake mama yako alikaa miezi mitano bila kwenda mbele kwa sababu chuo kilimwambia ajitafutie mwenyewe, na kila alipobisha hodi aliambiwa nafasi zimejaa. Ada ya muhula ilikuwa imelipwa.

Sasa nije kwenye kozi mbili. Hapa mama yako ndiye aliyezungumza, mimi niliandika tu. Anasema masomo ya uuguzi yamepangwa kama ngazi: ukianguka moja, huruki kwenda linalofuata, na mara nyingi unasubiri mwaka mzima mpaka lirudi. Mwaka huo ni ada tena, kodi ya chumba tena, na mshahara wa mwaka mmoja wa muuguzi ambao hukuupata. Weka hiyo kwenye mizani na ile nusu ada. Muhula wako ujao una zamu za wodini, unaamka kabla ya jua, jioni unaandika mipango ya uuguzi ya wagonjwa. Kozi mbili juu ya hapo ni kucheza na leseni. Na leseni ndiyo inayokupa mshahara. Nchini Marekani, mwenye stashahada, mwenye shahada ya miaka miwili na mwenye shahada kamili hufanya mtihani ule ule mmoja wa leseni, NCLEX-RN, na akifaulu yeyote kati yao ni muuguzi aliyesajiliwa. Shahada ina njia ya kusubiri. Mtihani ule hauna huruma na mtu aliyechoka.

Kozi moja ni sawa, na ichague kwa akili. Chukua takwimu, au saikolojia, au uandishi wa kitaaluma. Masomo ya jumla ambayo vyuo vingi huyakubali, ili hata ukibadili mawazo kuhusu chuo hiki usiondoke mikono mitupu. Yale ya uongozi wa uuguzi na afya ya jamii yaache mpaka uwe kazini. Vyuo hupenda uyasomee kwao, na mama yako anasema alipoyasoma akiwa na uzoefu aliandika kazi zake kwa kutaja wodi aliyoijua, badala ya kubuni. Ukiweza, fanya hiyo moja wakati wa likizo, si katikati ya muhula.

Najua utaniuliza, basi kwa nini nisihamie moja kwa moja kwenye programu ya shahada? Kwa mwaka wa kwanza ningesema tufikirie. Sasa umefika nusu ya daraja. Kuhama mara nyingi ni kupoteza krediti na kuchelewesha leseni. Hapana.

Usidhani kwa hayo yote nasema shahada haina maana. Mwaka 2003 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani: kila kiwango cha wauguzi wenye shahada kilipokuwa juu kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 5. Mwaka 2014 wakarudia kwa nchi tisa za Ulaya, tofauti ikawa asilimia 7. Mama yako hupenda kuongeza kwamba utafiti huo huo wa Ulaya ulionyesha kila mgonjwa mmoja wa ziada kwa muuguzi akipandisha uwezekano wa vifo kwa asilimia 7, na akifika hapo husahau kabisa tulikuwa tunazungumza nini. Sheria nazo zinasogea. England tangu 2013 hauingii uuguzi wa kusajiliwa bila kusomea shahada. Jimbo la New York mwaka 2017 lilipitisha sheria inayowataka wauguzi wapya wapate shahada ndani ya miaka kumi tangu leseni ya kwanza. Angalia hiyo hesabu: miaka kumi, tena wakiwa kazini. Hakuna anayekukimbiza kama yule anayekupigia simu.

Na kuna mfuko mwingine ambao hukuutaja, wa mwajiri. Hospitali nyingi huchangia ada ya muuguzi wao anayesoma. Siku ya usaili uliza, bila aibu. Uliza kama wanalipa mwanzoni au wanakurudishia baada ya matokeo, kwa sababu wakikurudishia baadaye unahitaji fedha zako za kuanzia. Uliza wanataka alama gani. Halafu soma mkataba: utafungwa miaka mingapi, na ukiondoka kabla unarudisha zote au sehemu? Mama yako alifungwa miaka mitatu. Mwaka wa pili msimamizi wa wodi akabadilika, akaja mtu mgumu, na mama yako akavumilia kwa kuhesabu miezi kwenye kalenda ya jikoni. Mimi niliona tumefaidi. Yeye mpaka leo hajanijibu.

Kuna vyuo vinavyotoza kwa muhula badala ya kwa kozi: unalipa mara moja, unasoma kadiri unavyoweza. Kwa mwenye nafasi ni bei nzuri sana. Kwa mtu wa zamu za usiku, anayemaliza kozi moja tu katika muhula huo, ni bei mbaya kuliko zote. Kumbuka hilo utakapokuwa umeajiriwa. Na mkopo usiuongeze sasa. Ule wa stashahada bado hujaanza kuulipa, na riba haijui kwamba uko wodini.

Jambo moja lifanye wikendi hii, hata kama utaamua kukataa kila kitu. Pakua mihtasari ya masomo yote uliyokwisha kusoma, yenye mada na idadi ya saa, uiweke mahali pawili. Chuo kinachokagua masomo yako kitaiomba, na jina la somo peke yake halitoshi. Mama yako alikwenda kuitafuta baada ya miaka sita, akakuta mtaala umebadilishwa na nakala za zamani hakuna aliyejua ziliko. Masomo mawili aliyapoteza kwa hilo tu.

Wakikujibu, nitumie barua yao kama ilivyo, usinifupishie. Nimeshakufungulia ukurasa kwenye daftari, unaofuata baada ya ule wa mwisho wa mama yako.

Mama yako ameisoma barua hii aliporudi asubuhi, amefuta mistari miwili iliyomhusu, na anataka niongeze: muulize huyo anayekupigia simu kama hulipwa kwa kila mwanafunzi anayemwandikisha.

Baba yako