Kazi ya afya ya kaunti si kufunga vibanda tu

Dada, umeuliza hawa maafisa wa afya wa kaunti hufanya nini kando na kufunga vibanda vya chakula. Tangu katiba ya 2010 igatue afya, zahanati, ambulensi, leseni za hoteli, takataka hadi makaburi ni kazi ya kaunti, serikali kuu ikabaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa kama Kenyatta.

Ploti yetu huku Kayole watu walianza kuhara, jirani akaambia yule mama wa afya ya jamii, mwenye huzunguka na begi nyumba kwa nyumba, akaripoti, kesho yake afisa akaja na chupa ndogo, akapitisha moto kwa mdomo wa mfereji kuua viini vya hapo nje, ndio akinge maji ya kupima, na kweli paipu ilikuwa imepasuka pale inapita ndani ya mtaro. Tukagawiwa dawa ya maji, landilodi akapewa notisi arekebishe. Mimi nawaheshimu sana, juu ugonjwa ukizuiwa hakuna mtu huona.

Ukiona maji yamebadilika rangi ama mtaro umefurika, usingoje, ambia huyo mama wa mtaa wenu siku hiyo hiyo.