Wasimulizi watano na sufuria moja

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana ndani ya feri ya Likoni, nimesimama, mkoba wa samaki mkononi. Wauliza kama wasimulizi wako watano waendelee kuisimulia riwaya yako ya hati ya nyumba iliyofichwa, au uwafute wanne abaki kitindamimba peke yake, au hata umlete msimulizi mmoja ajuaye yote, maana rafiki yako alifika sura ya tatu akapotea.

Ngoja kwanza. Wakumbuka arusi ya mamako mdogo pale Kibokoni, siku pilau ilipoungua? Mpishi ukimwuliza hata leo huanza na kuni: zilikuwa mbichi, moto ukagoma, akachochea, ukapanda ghafla. Nyanyako hana habari na kuni. Yeye huanza na shemeji aliyeingia uani bila kutoa salamu, na pilau huja mwishoni kabisa, kama ushahidi. Nawe ulikuwa na miaka sita, umejificha chini ya meza ya vyombo. Sufuria hukuiona. Usiku ule ukaniambia tu kwamba kandambili za mpishi zilipita kwenda mlango wa nyuma, zikakawia kurudi. Basi ndipo nikajua jikoni hapakuwa na mtu, na wewe wala hukujua umesema nini.

Msimulizi wa namna hiyo mwache. Ameona asichokiona mwingine, au asichopenda mwingine kukitaja.

Sasa rasimu yako. Dada mkubwa na shemeji yake wanaitazama nyumba ileile, wanakasirishwa na jambo lilelile, na wote wawili wanasema "kusema kweli" kila baada ya sentensi mbili. Nilifunika majina juu ya sura kwa kiganja, nikashindwa kujua nani anaongea. Hapo ndipo alipopotea rafiki yako.

Watano si wengi. Mwaka 1930 William Faulkner wa Marekani alitoa riwaya ya As I Lay Dying, familia inasafirisha maiti ya mama ikazikwe: wasimulizi 15, sura 59. Marehemu mwenyewe anapewa sura moja aseme yake. Kitindamimba wao ana sura ya sentensi moja tu, kwamba mama yake ni samaki, na hata ukilifuta jina lake pale juu, hakuna atakayedhani baba ndiye aliyesema.

Habari ya kumleta msimulizi ajuaye yote, achana nayo. Huyo atajua hati ya nyumba iko wapi tangu ukurasa wa kwanza, na utachoka kumziba mdomo.

Mtoe shemeji. Dada mkubwa abaki, lakini aanzie pengine: aanze na siku ile aliyoificha hati, asimulie mvua, wageni, chai iliyopoa, kila kitu isipokuwa hati.

Rasimu naipeleka leo kwa basi la usiku. Kurasa zenye doa la mbaazi nilizisoma asubuhi, usinune.

Mamako