Kocha Anajibu: Vijeba, Mawakala na Njumu za Mtumba

Barua ni nyingi wiki hii. Nimechukua zile zenye faida kwa wengi, na mbili tatu zilizonichosha.

Shikamoo kocha. Mwanangu ana miaka sita na kipaji cha ajabu, anapiga danadana mpaka majirani wanakuja kutazama. Nimpeleke akademi gani hapa Dar? (Baba wa Tabata)

Marahaba. Swali hili naletewa kila wiki, kinachobadilika ni jina la mtaa tu. Mtoto wa miaka sita hahitaji akademi, anahitaji wenzake na mpira namba 3. Namba 5 ni mzito kwa mguu wake. Ukiona lazima umpeleke mahali, nenda kwanza mwenyewe siku ya mazoezi bila kutoa taarifa. Ukikuta watoto wamepanga foleni wakingoja zamu ya kugusa mpira mmoja, rudi zako nyumbani. Uingereza watoto wadogo huanza kwa timu ndogo, watano kwa watano au hata pungufu, baadaye saba, kisha tisa. Kumi na mmoja wanaanza wakishakua. Sisi tunawajaza wa miaka saba kumi na mmoja kila upande kwenye uwanja wa wakubwa, halafu tunashangaa winga kamaliza mechi hajagusa mpira.

Kocha, mwalimu wa michezo anasema nimpunguzie kijana wangu miaka miwili kwenye cheti ili acheze timu ya chini ya 15. Anasema wote wanafanya. Kuna ubaya? (Mzazi, Morogoro)

Upo. Cheti cha kuzaliwa ni hati ya serikali, na kukighushi ni kosa la jinai. Huyo mwalimu siku ya kuulizwa hutamwona.

Tena nchi hii ndiyo isingepaswa kuuliza. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikuwa wameshafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, tukaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Kundi zima la watoto lilikosa safari. Miaka kumi na kitu baadaye tukaonja upande wa pili: Congo Brazzaville walitutoa uwanjani, mchezaji wao akaitwa kupimwa umri hakutokea, wakaondolewa wao, sisi tukaenda Gabon 2017. Na kipimo chenyewe si maneno. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 kule Nigeria, FIFA hupiga picha ya MRI ya kifundo cha mkono na kuangalia kama mfupa umeshafunga, yaani umemaliza kukua. Mfupa hausomi cheti.

Lakini tuseme hakamatwi. Nimewaona vijeba wengi, hao waliopunguza umri, na hadithi yao ni moja. Ana nguvu kuliko wenzake, kwa hiyo hatoi pasi. Ya nini, wakati akimpiga mtu bega anaanguka? Hatazami kabla ya kupokea mpira, maana hakuna wa kumnyang'anya. Kocha anashangilia vikombe. Akifika umri ambao wote wana ndevu, anakutana na mabeki wenye mwili kama wake, na hapo ndipo inajulikana kwamba miaka yote ile hakujifunza kucheza na watu wengine, alijifunza kuwapita watoto. Na yule mdogo wa kweli aliyekaa benchi kumpisha kijeba alishaacha mpira zamani, anauza vocha. Katika mchezo huo tunapoteza wawili.

Usipunguze hata siku moja.

Kuna wakala anataka laki nane ampeleke mdogo wangu wa miaka 15 kwenye majaribio Ulaya. Nilipe? (Kaka, Mwanza)

Usilipe. Kanuni za FIFA zinazuia mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache kama mzazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Anayekuomba pesa kabla ya majaribio anafanya biashara, na bidhaa ni mdogo wako. Pasipoti yake ikae kwenu.

Binti yangu anapenda soka. Shangazi zake wanasema atakuja kushindwa kuzaa. (Mama Z., Tanga)

Hapana. Na shangazi wakumbushwe kwamba timu ya kwanza ya Tanzania kufika Kombe la Dunia la FIFA la soka la kumi na mmoja kila upande ni ya mabinti: Serengeti Girls, wa chini ya miaka 17, India 2022. Waliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Wakati huo kaka zao walikuwa bado wanatafuta njia. Unachotakiwa kuangalia wewe ni nani anawafundisha, wanabadilishia nguo wapi, wanarudi na nani saa za jioni, na kama kuna mwanamke mzima kwenye safari za timu. Timu isiyoweza kujibu hayo usimpe mtoto, wa kike wala wa kiume.

Mwanangu wa darasa la tatu ni mkimya mno, hana rafiki. Nimesikia michezo ya timu inasaidia. Ni kweli au maneno ya makocha? (Mama, Kigamboni)

Ni kweli, ila si timu yoyote. Ukimtupa kwenye timu yenye kocha wa kufoka, utamrudisha mkimya zaidi. Mwanzishie pale pasipo na mtu mzima. Tazama watoto wa mtaani kwako wakicheza chandimu: magoli ni ndala mbili mbili, mpira umepita juu ya ndala, ni goli au si goli? Wanabishana, mmoja anasusa, mwenye mpira anatishia kwenda nao nyumbani, dakika mbili baadaye wanacheza. Hakuna refa, na wameelewana. Kwenye rede, aliye katikati anakwepa mpira wa soksi huku akijaza mchanga kwenye chupa, na wenzake waliotolewa wanamwangalia yeye awaokoe. Mtoto asiyesalimia mtu anajikuta anaitwa jina lake na watu sita kwa mpigo.

Netiboli nayo naipenda kwa watoto wa aina hii, wavulana pia, msinicheke. Ukishika mpira huruhusiwi kutembea nao, na una sekunde tatu kuutoa. Huwezi kuwa mchoyo hata ukitaka, na asiyejua kuomba mpira atajifunza kupaza sauti.

Darasa la saba: nimsimamishe michezo mpaka amalize mtihani? (Wengi)

Wengi kweli. Hapana. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na halikuandika "isipokuwa darasa la saba". Mnaamsha watoto saa kumi alfajiri, wanarudi tuisheni usiku, kisha mnalalamika hawashiki kitu kichwani. Na wakuu wa shule wanaouza viwanja vya michezo vijengwe vifremu vya maduka, nanyi mnasoma hapa. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, inabeba wachache waliochaguliwa. Waliobaki shuleni wanacheza wapi?

Mwanangu anakaa benchi kila mechi, nimgombeze kocha?

Kama ana chini ya miaka 12, ndiyo, kwa adabu, baada ya mechi. Umri huo wote wanapaswa kucheza. Zaidi ya hapo, aende akaulize mwenyewe.

Kupiga vichwa kuna madhara?

Tahadhari ipo. Marekani walipiga marufuku kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini tangu 2015, Uingereza wakaondoa vichwa kwenye mazoezi ya wadogo 2020. Fundisheni miguu kwanza.

Wewe ni Simba au Yanga?

Swali linalofuata.

Njumu nzuri za mtoto ni zipi? (Baba, Arusha)

Zinazomtosha leo. Mnanunua namba kubwa "atazikulia", mtoto anajaza matambara mbele, kisigino kinacheza, anachubuka, mnasema hapendi mazoezi. Za mtumba zinafaa, ila kunja soli kwanza uone kama haijapasuka, na upapase ndani, mara nyingi kuna meno yaliyotoboza soli. Kama pesa haipo, apige peku kwenye nyasi au mchanga. Kwenye changarawe, raba za kawaida.