Maswali ya wasomaji: "Wenzetu wodini wanasema sisi tunacheza tu"

Swali: Mimi na mwenzangu ni wataalamu wa tiba ya burudani, yaani tunatumia michezo, mazoezi na shughuli nyingine kama tiba, katika wodi ya magonjwa ya akili yenye vitanda 30. Madaktari na wauguzi wanatuchukulia kama watu wa kuwachangamsha wagonjwa. Mgonjwa huitwa katikati ya kipindi kwa jambo ambalo lingeweza kungoja, na kwenye raundi, madaktari wanapopita kuwajadili wagonjwa, hatuulizwi lolote. Tuliandaa semina ya saa moja kuhusu fani yetu. Walisikiliza vizuri, lakini kesho yake hali ikawa ileile. Tufanyeje?

Jibu: Semina hueleza fani, ilhali muuguzi aliye zamu anataka kujua habari za mgonjwa aliye mbele yake. Ni kweli kwamba William Tuke alipofungua makazi ya wagonjwa wa akili kule York, Uingereza, mwaka 1796, kazi za mikono na matembezi vilikuwa sehemu ya matunzo. Historia hiyo inatia moyo, lakini haimsaidii daktari kuamua kama mgonjwa aruhusiwe kwenda nyumbani Ijumaa. Msaidieni kuamua hilo, naye atawatafuta mwenyewe.

Anzeni na faili. Maelezo mengi ya vipindi huandikwa hivi: "Alishiriki mchezo wa karata, alifurahia." Daktari akisoma hivyo mara mbili, ya tatu haisomi, na hana kosa. Linganisheni na haya: "Alikaa mezani dakika 25 kati ya 40. Alikumbushwa zamu yake mara 3. Jumatatu ilikuwa mara 8. Alianza mazungumzo na mwenzake mara 1 bila kuombwa. Mikono ilitetemeka aliposhika karata." Mchezo ni uleule, ila sasa daktari anaona umakini unarudi, mgonjwa anaanza kutoka kwenye upweke, na kuna mtetemeko wa kuchunguza.

Hapa ndipo penye nguvu yenu kubwa, na wengi hawaitumii. Daktari humwona mgonjwa dakika chache akiwa amekaa na kuulizwa maswali. Nyinyi mnamwona dakika 40 akitembea, akingoja zamu, akishindwa, akikasirika. Mgonjwa anayeinuka kila baada ya dakika chache, akihamisha uzito mguu huu hadi ule, huenda si mkaidi wala ugonjwa haujazidi. Huenda ni akathisia, athari inayomfanya mtu ashindwe kutulia, itokanayo na dawa za saikosisi (hali ya kupoteza uhusiano na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo). Ikidhaniwa kuwa ni ugonjwa na dozi ikaongezwa, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Andikeni mlichokiona, mpeni taarifa muuguzi siku hiyohiyo, na uamuzi wa dawa mwachieni daktari. Taarifa moja ya namna hiyo, ikifika mapema, hufanya kazi ambayo semina kumi hazitafanya.

Malengo nayo yapimike. "Kupunguza upweke" hakuna anayeweza kukihesabu. "Ndani ya siku 7 atakaa katika kundi la watu 5 kwa dakika 20 mfululizo, akikumbushwa si zaidi ya mara 2" kinahesabika, na muuguzi wa zamu ya usiku naye anaelewa. Kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla hamjaanza, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha.

Kwenye raundi ombeni dakika moja kwa mgonjwa mmoja. Msianze na jina la mchezo. Mkisema "tulicheza mpira," masikio yanafunga. Semeni kilichoonekana, kimebadilikaje tangu kipindi kilichopita, na kinagusa uamuzi gani. Mkiwa hamna jipya, semeni hakuna.

Kuna jambo ambalo pengine mnalilea wenyewe. Kama ratiba moja ina filamu ya jioni kwa wodi nzima na pia kundi la watu 6 lenye malengo, anayepita mlangoni hawezi kuvitofautisha. Tengenezeni ratiba mbili. Ya burudani ni kwa yeyote anayetaka. Ya tiba ni kwa waliopewa rufaa, na ioneshe sababu, mara ngapi kwa wiki na dakika ngapi.

Anzeni na wagonjwa 3 kwa wiki 4, msianze na 30, kwani uandishi wa namna hii huchosha na mkizidiwa mtarudi kwenye "alifurahia." Msiwachague walio wepesi tu. Na yasiyofanikiwa yaandikwe pia. Faili lenye mafanikio matupu haliaminiki.

Swali: Wauguzi humzuia mgonjwa asije kwenye kipindi kwa sababu hakuoga au alijibu vibaya. Nipinge?

Jibu: Pinga, lakini usipingie mbele ya mgonjwa. Kipindi kilichomo kwenye mpango wa tiba hakizuiwi kama adhabu, kama vile dawa isivyozuiwa. Hata hivyo, sababu za usalama ni halali: amemshambulia mtu, amejaribu kujidhuru, au bado amelewa dawa ya kutuliza. Kaa na muuguzi mkuu, mwandike pamoja sababu hizo kwenye ukurasa mmoja. Kwa aliyezuiwa kwa usalama, toa dakika 10 za ana kwa ana hapohapo wodini, muuguzi akikubali. Na ukimwona muuguzi ana shaka, mwalike kipindini umpe kazi ya kuhesabu kitu kimoja, kwa mfano mgonjwa ameanza mazungumzo mara ngapi. Wagonjwa waambiwe mapema nani anakuja na kwa nini.

Swali: Daktari wetu anakataza mazoezi ya nje akisema dawa na jua haviendani. Ana haki?

Jibu: Hofu yake ina msingi, nayo inapungua akiona mnajua anachokihofia. Dawa nyingi za saikosisi hupunguza uwezo wa mwili kujipoza, na baadhi hushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla. Anayetumia lithiamu, dawa ya kudhibiti mabadiliko makali ya hisia, akitoka jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, kiwango cha dawa kwenye damu kinaweza kupanda hadi kumdhuru.

Mpelekeeni mpango ulioandikwa: asubuhi kabla ya joto, dakika 20 kwa kuanzia, kivulini, maji kabla na kila baada ya dakika 10, na mazoezi ya sakafuni yamalizwe kwa kukaa kwanza ndipo kusimama. Orodha ya wanaotumia lithiamu ichukuliwe kwa muuguzi siku hiyohiyo, maana dawa hubadilishwa. Mtetemeko mkubwa, kutapika, kuharisha, kuyumba au kukokota maneno vikitokea, mgonjwa asimamishe zoezi, akae kivulini na muuguzi aitwe mara moja. Mwombeni daktari aidhinishe wagonjwa 4 tu kwa kuanzia, awachague yeye mwenyewe.